Jiwe Chini ya Kisigino

...na maji yenyewe leo yana baridi ya makusudi, yamenifika magotini tu na meno tayari yanataka kugongana, nayabana, mtu mzima hatetemeki mbele ya kwaya, hasa mtu mzima aliyevaa kanzu nyeupe iliyoshonwa kwa mashuka mawili kwa sababu kanzu zote za kanisa zilikataa mabega yangu, mke wangu Dorotea ndiye aliyeishona, kwa mkono, amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, akanipima mgongo kwa shubiri zake bila kusema neno, shubiri baada ya shubiri, mpaka nikaona napimiwa sanda... na labda ndivyo, si tulifundishwa kwamba ubatizo ni kuzikwa na kufufuka, basi mimi ni maiti iliyolikataa kaburi mara ya kwanza, nimerudishwa nikazikwe vizuri, na mbele yangu kwenye mstari wako watatu, binti wa saluni, fundi redio na Bibi Kija, halafu mimi wa mwisho, nimejipanga mwisho mwenyewe nikitumaini kwaya itakuwa imechoka na watu wameanza kuwaza chakula cha nyumbani, lakini nani ataondoka, hakuna, wamejaa ufukweni mwa ziwa hapa Igogo kuliko walivyojaa siku ya Pasaka, wengine wamepanda mpaka juu ya mawe, na najua kinachowakalisha, wananisubiri mimi, Shigela, nianguke tena.

Siku ya Pasaka, hata nikifumba macho naiona, nikiyafumbua naiona zaidi, mchungaji Josephat aliniuliza kama anavyomuuliza kila mtu akishafika kwenye kina, "Wewe ni wa nani?", nikajibu kwa sauti ile ya ghalani, sauti ya kuwaamrisha wapagazi, "Mimi ni wa Yesu," watu wakasema amina, akaweka kiganja kimoja nyuma ya shingo yangu na kingine juu ya mikono niliyoikunja kifuani, akaanza kunilaza, na mguu wangu wa kulia, sikuutuma, Mungu anajua sikuutuma, ukaruka nyuma kutafuta pa kukanyaga, mkono ukachomoka kifuani ukaikamata kanzu ya mchungaji, na yeye mwembamba kama ufito, tukaenda wote kombo kama mkokoteni uliochomoka gurudumu, miwani yake ikaruka ikazama, kwaya ikakatika katikati ya wimbo, wa besi wakaanza kucheka, wa sauti ya kwanza wakafuatia, mpaka mpiga ngoma nikamwona ameinamia ngoma yake mabega yanacheza... na kichwa changu hakikuzama, ndilo jambo lenyewe, bega lilizama, sikio moja likazama, uso ukabaki juu umetumbua macho, na katika kanisa letu aliyezama sikio hajabatizwa, wazee wa kanisa wakakaa kikao kizima juu ya sikio langu, watu wazima na ndevu zao, wakaamua nirudie, na tangu siku hiyo mchungaji anavaa miwani ya zamani iliyovunjika mkono, ameifunga kwa uzi wa nyavu nyuma ya kichwa, kila akipanda mimbarani nauona ule uzi na mahubiri siyasikii tena.

"Wewe ni wa nani?", huyo ni binti wa saluni anaulizwa, sauti ya mchungaji haiinuki hata siku moja, anauliza kama mtu anayeuliza njia, na binti anajibu, "Mimi ni wa Bwana Yesu, nimempa vyote," na kabla sijameza mate ameshakwenda chini ameshapanda juu, nywele alizozitia dawa zimelala usoni, anacheka, anatoka mbio mama yake anamfunika kitenge, ndiyo hivyo tu, hakuna jambo jingine, anakwenda chini anakuja juu, mtoto wa juzi anaweza, na mimi niliyebeba marobota ya pamba kuanzia enzi za chama cha ushirika mpaka nikawa mnyapara wa ghala zima siwezi kulala chali kwenye mkono wa mwenzangu... Vijana wa kanisa walidamka leo kuyavuta magugu maji yaondoke hapa ufukweni, wameyarundika kule kama nyasi za kuezekea, wakaacha uwazi wa kutosha watu kuzikwa, lakini yanarudi, nayaona yanasogea polepole na maua yake ya zambarau, kabla fundi redio hajamaliza yatakuwa yamefika kwenye ule mti waliouchomeka kuonyesha mahali pa mchungaji kusimama, na pale kwenye mti, nyuma yake kidogo, chini ya maji, mahali ambapo hakuna anayejua isipokuwa mimi, lipo jiwe langu.

Bora niliseme ndani ya kichwa changu wazi, maana sipaswi kuogopa kulisema hata humu. Nimeleta jiwe. Jana alfajiri nilibeba jiwe la mlangoni kwetu, lile bapa la kusagia la marehemu mama mkwe ambalo Dorotea husimama juu yake kunawa miguu, nikaliweka begani, nikashuka nalo mpaka hapa, nikalizamisha nyuma ya ule mti mahali ambapo kisigino changu kitafika, kwa sababu nilikwisha kufanya mazoezi, ndiyo, mazoezi, wiki nzima nilikuwa nakuja peke yangu nyuma ya mawe yale makubwa kujifunza kuanguka, naegemeza kisigino kwenye mwamba, nakunja goti, najishusha mwenyewe taratibu mpaka maji yanafunika pua, najipandisha mwenyewe, safi kabisa, bila kushikwa na mtu, kwa hiyo leo mchungaji ataweka mikono yake pale inapowekwa, watu wataona amenilaza, na mimi nitakuwa nimejilaza, yeye atashika hewa, na amina itapigwa... Nilipokuwa napita na lile jiwe nilikutana na nani kama si Muharami, jirani aliyekuwa mpagazi wangu ghalani, anatoka msikitini, akasimama pembeni kunipisha, akasema, "Mnyapara, mabega bado unayo," nami nikamjibu "Alhamdulillah" kwa kubabaika, Mkristo mtarajiwa mzima, jiwe la kudanganyia begani, namjibu Mwislamu kwa dini yake ili tu apite haraka asiniulize. Na Dorotea jana asubuhi alipotoka na kopo la maji akatazama pale mlangoni penye alama ya udongo mbichi, akatazama, akanawa miguu kwenye tope, hakuuliza. Angeuliza ningesema uongo, na yeye anajua ningesema uongo, ndiyo maana hakuuliza.

Anasimama kule, namwona, ameshika kitenge kikavu cha kunipokelea amekikumbatia, harufu ya mapanki hainitoki hata hapa, na si harufu yake peke yake ni ya Igogo nzima sasa, viwanda vya minofu vinachukua nyama ya sangara vinapeleka Ulaya kwa ndege, sisi tunabaki na mapanki, kichwa na mifupa, na yeye hudamka kugombania mifupa hiyo getini, anaianika, anaikaanga, anaiuza barabarani, ndege korongo wakimzunguka kama wateja, na ndiyo inayotulisha tangu ghala lilipofungwa, soko huria lilipofika na wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, tuliambiwa tutaitwa, nikakaa nimevaa shati la kazi nikisubiri kuitwa, mpaka shati likachoka kabla yangu. Na chakula huniletea vilevile kama zamani, anapiga goti, "Karibu, Baba Rebeka," na ndani ya bakuli kichwa cha samaki chenye nyama kuliko vyote, amenichagulia, na mimi nakula nimemgeuzia ubavu kama mbwa anayehofia kunyang'anywa, sijawahi kusema asante, ningesema asante ingekuwa nimekubali kwamba nalishwa... Hata kuokoka kwangu, niseme ukweli, nilianza kwenda kanisani ili nipate mahali pa kuvaa lile shati. Halafu siku moja wakati wa maombi nikalia, sijui nililia nini, na tangu siku ile namtaka Mungu kweli, simwigizii, namtaka, ila nilitaka nimfuate kwa miguu yangu, nimbebee mizigo yake, aniweke mnyapara, sikujua kwamba jambo la kwanza atakalonidai ni kulala chali.

"Wewe ni wa nani?", fundi redio sasa, sauti yake inatetemeka, nami nimefurahi inatetemeka, Mungu anisamehe... wa nani, wa nani, swali hili nalijua tangu sijajua kusoma, kwetu upande wa Magu mtoto haulizwi jina, anaulizwa wewe wa nani, ukimtaja baba yako umekwisha kuwa mtu, una mwenyewe, hata kama umekosa mwenye shamba atakupeleka kwa mwenyewe wakamalizane wakubwa, hakuna mtu anayempiga mtoto mwenye mwenyewe, na siku ile ng'ombe waliingia kwenye mtama wa watu, mchungaji wao nilikuwa mimi, nimelala kivulini, mwenye shamba akanishika mkono, "Wewe mtoto wa nani?", nami nikanyamaza. Ningesema tu, wa Mhoja. Neno moja. Lakini Mhoja baba yangu alioa bila ng'ombe, akahamia ukweni, akawa analima shamba la wakwe, anachunga ng'ombe za wakwe, anakula chungu cha wakwe, na watoto wenzangu walikuwa na mchezo, mmoja anajifanya Mhoja anaomba mboga kwa mkewe wengine wanakufa kwa kicheko, kwa hiyo nikanyamaza, yule mzee akauliza tena, kwa upole kabisa, nikanyamaza, akasema, "Kama huna mwenyewe basi nitakufunza mimi," akakata fimbo. Jioni baba akaja na samli kwenye kigae, akanipaka mgongoni, vidole vyake vilikuwa vigumu kwa jembe lakini vilipita juu ya ile michirizi bila kuumiza, akaniuliza, "Ulishindwa hata kunitaja?", na akaendelea kupaka... na mimi leo hii ndiye Mhoja, nakula chungu cha mke, ningekuwa na mtoto wa kiume angechagua fimbo kuliko kunitaja.

"Wewe, baba," Bibi Kija ananivuta kanzu, sikumsikia, ameniita mara ngapi sijui, "wewe, ng'wanawane, mwanangu, umelala?", nikainama, nikamwambia, "Shikamoo, bibi," kana kwamba tumekutana sokoni, akasema, "Marahaba, nishikie hiki," na kabla sijaelewa ameniwekea kitu kiganjani na kunifunga vidole, kikopo, kikopo cha ugoro, cha moto kutoka kiunoni kwake, na ugoro kanisani kwetu umekatazwa na yeye anajua na mimi najua, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, huu si ulisema umeacha?", akanitazama kama mtu anayetazama ndama mjinga, "Nimeacha, ila si leo, baridi hii utaniua, na ukiloa nitakudai wewe." Ndiyo maajabu haya, wajukuu zake walimleta hapa wamembeba kwenye kiti, wawili huku wawili kule, miguu inaning'inia, na njia nzima alikuwa anawafokea wasimtikise, hakuona haya hata chembe, bibi mzima anabebwa mchana mbele za watu anawafokea wanaombeba, na sasa amekunja mikono anamwendea Mungu na kikopo ameacha kwangu atakirudia, hafichi kitu ila ugoro, na mimi ugoro sinao, naficha vingine vyote.

Muharami yupo. Nimemwona sasa hivi, juu ya lile jiwe la kushoto, amekaa ameweka baiskeli chini, hata yeye amekuja, au amekuja kuangalia lile jiwe nililibeba la nini... yule alinibeba. Homa ile ya mwezi wa tatu, kwetu gari haifiki, ni ngazi za mawe mpaka chini, Dorotea akamgongea, akanipandisha mgongoni kama robota, wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huyu aliubeba kweli, nilisikia pumzi yake inapasuka, nilisikia magoti yake kila ngazi, na mimi juu ya mgongo wake nafanya nini, natukana, "Nishushe, natembea mwenyewe, nimekuwa mnyapara wako mimi," na yeye, "Ndiyo, mnyapara, tunakaribia," ngazi, "ndiyo, mnyapara," ngazi, mpaka kwenye zahanati akanilaza kwenye benchi taratibu akauweka mkono wake nyuma ya kichwa changu kisigonge ubao, sikumbuki mengine ila hilo, kichwa hakikugonga, na nilipopona nilitafuta njia nyingine ya kupita nisione mlango wake, ndivyo nilivyomlipa, kwa kuzunguka.

"Wewe ni wa nani?"

"Unanijua, Josephat, usinicheleweshe," Bibi Kija huyo, ufuko mzima umecheka, hata mchungaji amecheka, anangoja, maji yamemfika bibi kifuani, ni mfupi, kanzu imefura kumzunguka, anangoja, na bibi sasa amesema taratibu, tofauti na alivyokuwa anasema na mimi, "Wa kwake. Mimi ni wa kwake tangu zamani, nilichelewa njiani tu," na kwaya imenyamaza yenyewe bila kuambiwa, mchungaji ameweka kiganja shingoni, amemlaza, na bibi amejiachia jamani, amejiachia mzima, kinywa wazi, kama mtoto anayelazwa na tayari amesinzia... halafu naona goti la mchungaji. Goti limekwenda. Amerudisha mguu kujitengeneza na mguu umepanda juu ya kitu, umeteleza, najua ni kitu gani, ee Mungu najua ni kitu gani, anayumba, anakwenda kombo, bibi yuko mkononi mwake na maji yamekwisha mfunika, na mguu wangu hautoki, nimeshika kikopo tu, na mchungaji anazama mpaka kidevuni, mpaka miwani, uzi wa nyavu unaelea... lakini mkono. Mkono wa shingoni haujashuka. Yeye anazama na mkono unapanda, umemtoa bibi juu ya maji kama mtu anayeinua taa, uso wake uko nje, anakohoa, anatema, hana hofu yoyote, na baadaye sana, kwa kadiri ninavyoona mimi, ndipo mchungaji mwenyewe akatokea anahema. Amina imepigwa. Wamedhani ni utelezi wa kawaida.

Ule mkono naujua. Siku ya Pasaka, tulipokwenda wote kombo, yeye alikuwa chini yangu, mwili wangu wote huu ulikuwa juu yake, na kichwa changu hakikuzama, wazee wamekaa kikao kwa nini hakikuzama, watu wamecheka kwa nini hakikuzama, mimi mwenyewe nimewaambia watu pale kijiweni kwamba shingo yangu ni ya kubebea marobota, haizamishwi kirahisi, nikasema hata mchungaji nilimwinua mimi, na walinisadiki, nami nikajisadiki... na nyuma ya shingo nilikuwa na alama za kucha. Dorotea aliziona nikioga, alisema, "Hapa umeparuliwa," nikasema magugu. Magugu hayana kucha. Alikuwa chini ya maji, hana miwani, nimeing'ang'ania kanzu yake namvuta azame zaidi, na vidole vyake havikuniachia, alikuwa ananisukuma uso juu nipate kuvuta hewa, nilichokifanya mimi ni kumzamisha na alichokifanya yeye ni kunishika, na mimi nimetembea mji mzima nikijisifia pumzi niliyopewa na mtu aliyekuwa anazama. Haya nilikuwa nayo tangu asubuhi, lakini ile ilikuwa haya ya kuangaliwa na watu, hii ni nyingine, hii hata watu wote wakienda nyumbani haipungui, inashuka mpaka kwa Muharami, inashuka mpaka kwenye bakuli lenye kichwa cha samaki, mpaka kwenye kigae cha samli, vidole vilevile, tangu lini nimesimama peke yangu mimi, siku gani, naitafuta siku hiyo humu kichwani siipati.

"Kikopo changu," Bibi Kija amefika, ameloa, wajukuu wamemshika huku na huku, amekwapua kikopo akakitikisa sikioni, ameridhika, akaninong'oneza, "Pale pana jiwe, angalia usije ukaumia," akaenda zake kubebwa. Mkono wangu sasa mtupu. Kwaya imeanza tena, imeanza juu mno, wanajua ni zamu ya nani, na nyuma ya wimbo nasikia mtu anamwambia mwenzake nyamaza, angalia, na maji yananipanda mapajani, kiunoni, miguu inakwenda yenyewe, ukumbi mzima wa mawe umenikodolea macho, magugu yamefika kwenye mti na ua moja limegusa kiwiko cha mchungaji naye hana habari, anafuta miwani kwa kanzu iliyoloa, inazidi kuchafuka, anaivaa hivyohivyo.

Ameweka kiganja. Palepale. Vidole vimekaa mahali pake pa zamani, na kisigino changu kimerudi nyuma chenyewe kama ng'ombe anayejua zizi, kimelipata, jiwe la mama mkwe, bapa, limetulia, niko imara, ningeweza kusimama hapa mpaka kiama.

"Mchungaji," nimesema, bila kufungua sana mdomo, "tusogee kidogo. Hapa pana jiwe."

"Nimelihisi," amesema.

"Ni langu."

Ametazama maji kana kwamba angeweza kuliona kwa miwani ile, halafu amenitazama mimi, sijui anaona nini, pengine ukungu tu.

"La mlangoni kwenu? Jana nilipopita halikuwepo."

"Ndiyo."

"Basi jioni ulirudishe, Mama Rebeka asinawie kwenye tope," amesema, na mkono wake haujatoka shingoni, tukasogea, hatua ya kwanza ubavuni, ya pili, mpaka mahali ambapo chini ni tope tupu, visigino vinadidimia, hakuna kitu nyuma yangu, hakuna kabisa, mguu wa kulia umeshaanza kutafuta na unakosa, unatafuta na unakosa, na kule ufukweni Dorotea amekifungua kitenge amekitandaza kwenye mikono miwili, hatazami chini leo, ananitazama.

"Uko tayari?"

"Siko tayari," nimesema. "Nishike hivyohivyo."

Amekaza kiganja. Kwaya inavuta ubeti wa mwisho, sijazama bado, nimesimama bado, maji kiunoni, baridi ileile, watu walewale juu ya mawe, na yeye anainamisha kichwa kuniuliza, kwa upole kabisa, kama alivyouliza yule mzee kwenye mtama wake, mimi ni wa nani, nami nafungua mdomo, na safari hii sichagui fimbo.